Bahari ya Otia

Kila Jumapili usiku tunatumiana picha, watu wanne
ambao hatujawahi kunywa chai meza moja.
Pirjo wa Oulu, avuke mipaka mingapi,
hurudi na vituo vya basi vitupu:
Riga, Porto, Sarajevo, benchi kwa benchi,
theluji imeketi kama abiria aliyekata tamaa.
Wilmer wa Cuenca hukoleza rangi mpaka bluu inapiga kelele;
tukimwambia apunguze, hujibu kwamba viziwi ni sisi.
Mimi ni mpima macho wa Trieste. Napiga madirisha ya watu.
Na Otia wa Poti, dereva wa treni mstaafu,
anaizunguka Bahari Nyeusi kwa mabasi na miguu,
na kila anaposimama
maji yameegemea kulia
kama ng'ombe anayejikuna ukutani.

"Otia, inamwagika," huandika Pirjo.
"Lete ndoo," hujibu Otia.
Miaka minne, ndoo juu ya ndoo.

Mnyonge mnyongeni: ukungu anaujua,
anaunasa kabla haujajua kuwa umeonekana.
Ila mstari ule!
Mimi, ambaye riziki yangu ni kuwaambia watu kipi kimenyooka,
ulikuwa unaninyima usingizi.
Nikawa nazifungua picha zake kwa siri,
nazizungusha digrii tatu,
nakata pembe zilizobaki wazi, naweka.
Safi. Bahari imetulia kama maji ya beseni.
Sikumwambia mtu.

Oktoba nikaenda Poti.
Alinipokea stesheni na mkate wa jibini ndani ya gazeti, bado moto,
akanipima kwa macho toka utosini hadi viatuni:
"Nilidhani u mrefu. Kumbe ni maoni yako tu."
Tukatembea kuelekea mnara wa taa.
Hatua zake zilikuwa na mdundo, ko-to, ko-to;
kiatu cha kushoto, soli yake unene wa vidole vitatu.
Alidondoka kutoka kwenye behewa, alisema,
mwaka ambao hakuutaja.

Ufukweni akaketi, akakivua kile kiatu,
akakiweka mbele yake mchangani.
Akasimama peku, bega la kushoto likashuka,
akainua kamera.

Mbona unavua?
"Reli husema na unyayo kabla ya kusema na sikio.
Miaka thelathini nimesikiliza kwa miguu.
Nikivaa hicho, sisikii kitu."
Akapiga. Ikalala.
Nilikuwa na la kusema, nikalimeza pamoja na jibini.

Sasa niko nyumbani, upepo unagombana na paa,
nimezifungua picha zake, zile zake,
si zile nilizozitengeneza mimi.
Sinop: chini, pembeni kushoto, kiatu cheusi.
Varna: kiatu, kamba yake imekatika nusu.
Konstanta: kiatu, na kaa mdogo anachungulia kutoka ndani
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Miaka minne kilikuwa hapo hapo.
Nacho ndicho nilichokuwa nakikata
ili maji yanyooke.

Jumapili hii ametuma ile ya Poti.
"Inamwagika," kaandika Pirjo.
Wilmer kaongeza kuwa isitoshe, rangi zina mafua.
Otia kajibu lile lile la ndoo.
Nami niliyezoea kuandika aya tatu kuhusu mstari
nikafuta, nikaandika, nikafuta,
mwisho nikauliza tu:
Kamba mpya?

Akakawia. Nilikwishaosha kikombe, nikazima taa ya jikoni.
"Aa," akaandika. "Umeiona."